Yunis na Breki za Mafuta

Treni ya kutoka bara ilitakiwa iwe imepita Kilosa tangu alfajiri. Siku hiyo iliingia saa tatu asubuhi, na kwa kuwa ilikuwa Jumamosi, watu wa treni na watu wa soko wakakutana kwenye njia moja. Wenye masanduku walipishana na wenye vitunguu, wenye kuku walipishana na wenye redio. Mwaka huo wa 2003 kila kitu kilikuwa kinauzwa. Zamani tyubu ya baiskeli uliipata kwa kibali na foleni, tena uwe na ndugu dukani. Sasa tyubu za India na za China zilining'inia kwenye kamba kama nyama buchani, uchague mwenyewe.

Pembeni mwa soko, chini ya kipande kirefu cha bati, walikaa mafundi baiskeli wanne. Watatu walikuwa wanaume. Wa nne alikuwa Yunis, binti wa marehemu Lukasi, aliyerithi kigoda cha baba yake, koti lake la bluu la kazi na sanduku lake la spana. Alikuwa na miaka ishirini na mitatu. Asubuhi ile alivaa suruali ya jinzi, juu yake khanga ya rangi ya machungwa aliyoifunga kiunoni ili wazee wasigune, na lile koti la bluu amelikunja mikono mara tatu. Nywele alisuka twende kilioni. Vidole vilikuwa vyeusi kwa grisi, lakini kucha alizikata fupi, safi, kama za muuguzi.

Ndipo umati ukafunguka, akatokea kijana mrefu akisukuma baiskeli ambayo Kilosa ilikuwa haijapata kuiona. Matairi manene yenye meno, fremu ya rangi ya fedha, na katikati ya kila gurudumu sahani ya chuma yenye matundu, inang'aa. Breki zake hazikuwa na waya. Zilikuwa na mirija myeusi, myembamba, iliyoshuka kutoka kwenye usukani mpaka magurudumuni.

Kijana mwenyewe aliitwa Masunga. Watu wake walitoka Usukumani na ng'ombe wao wakafikia Mikumi yeye akiwa darasa la tatu. Sasa alikuwa mwongozaji kwenye kambi moja ya watalii nje ya hifadhi, na shati lake la kaki lilipigwa pasi hata mistari ya mikono ilionekana, ingawa alikuwa ametoka mwendo wa kutwa nzima na mavumbi yote ya njiani.

"Shikamooni, wazee."

"Marahaba," wakaitikia mafundi. Mkubwa wao, mzee Timotheo, akaizunguka baiskeli mara mbili. "Waya wa breki uko wapi?"

"Haina waya, mzee. Breki zake ni za mafuta. Hazishiki tena, kila mteremko nimeshuka kwa miguu."

"Breki za mafuta ni za gari, kijana. Hii peleka Dar es Salaam."

"Au irudishe Ulaya ilikotoka," mwingine akadakia.

"Ulaya nimepita jana," Masunga akasema, maana kwenye njia ya Mikumi kipo kijiji chenye jina hilo. "Hawana fundi."

Wakacheka wote, isipokuwa Yunis, aliyekuwa anabana kiraka kwenye tyubu ya mtu. Alimaliza, akafuta mikono, akasema, "Ilete hapa."

Masunga akamtazama. "Dada, umewahi kutengeneza ya namna hii?"

"Sijawahi hata kuiona."

"Sasa?"

"Na mkunga aliyekupokea wewe alikuwa hajawahi kukuona. Lete."

Mzee Timotheo akakohoa ili asicheke. Yunis akakamata mkono wa breki. Ukaenda mpaka ukagusa usukani, laini kama papai lililooza.

"Imeingia upepo," alisema. "Baba alikuwa utingo wa lori kabla ya kuwa fundi, alinieleza. Mafuta hayabonyei, upepo unabonyea. Wewe ukikamata breki unadhani unabana gurudumu, kumbe unabana upepo. Mafuta yake unayo?"

Masunga akatoa mfukoni kichupa cha mafuta mekundu, mepesi kama sharubati, na karatasi iliyokunjwa mara nne. "Baiskeli ilikuwa ya Mholanzi. Alitoka Iringa anaendesha, malaria ikamshika kambini kwetu, nikamuuguza wiki mbili. Alipoondoka akaniachia na hivi. Ila karatasi ni ya Kiingereza."

"Ina picha?"

"Ipo moja, mbili... sita."

"Picha hazina Kiingereza. Kesho tukitoka kanisani njoo nyumbani Mkwatani, mama atakuwepo. Siifungui hapa kwenye vumbi. Upitie duka la dawa uchukue bomba kubwa la sindano, mpira wa dripu na spiriti."

"Tunatengeneza baiskeli au tunalaza mgonjwa?"

"Utajua hukohuko," Yunis akasema, akarudi kwenye kiraka chake. Lakini Domina, fundi cherehani wa jirani, ambaye hapitwi na kitu, aliona kwamba kiraka kile kilikuwa kimeshashika zamani.

*

Siku ya pili Yunis alimwagia baraza maji ili vumbi lilale, akatandika shuka kuukuu, akaitundika baiskeli kwa kamba kwenye boriti, mbele juu nyuma chini, mrija usimame wima. Alivaa gauni la kitenge cha kijani la kanisani na juu yake lile koti. Masunga alikuja na shati jeupe.

"Hilo shati umelikosea," Yunis akamwambia.

"Sikulivalia baiskeli."

Yunis akashika spana. Alitoa gurudumu, akatoa pedi mbili ndogo za breki, akazifunga kwenye karatasi safi na kuzipeleka mpaka dirishani. "Hizi zikinusa mafuta tu, hazishiki tena." Mahali pa pedi akabana kijiti alichokichonga, pistoni zisitoke. Juu, kwenye mkono wa breki, akafungua skrubu mbili na kuondoa kifuniko cha kikopo kidogo. Chini, kwenye chuchu ya breki, kijimdomo cha kutolea mafuta, akachomeka mpira wa dripu, na mwisho wa mpira bomba la sindano lililojaa mafuta mekundu.

"Wewe kaa chini, mimi juu. Nikifungua kwa spana, unasukuma. Mafuta yanapanda, yanausukuma upepo utokee huku juu. Haya. Sukuma."

"Nasukuma."

"Polepole, Msukuma. Huyo si ng'ombe."

Kipovu kimoja kikapanda, kikapasuka kwenye kikopo. Kikafuata kingine, kisha vidogo vidogo kama mayai ya dagaa. Yunis aliugonga mrija kwa mpini wa bisibisi, kwa utaratibu, kutoka chini kuja juu, vile vilivyokwama navyo vikapanda. Mafuta machafu yaliyofurika juu aliyanyonya kwa kitambaa.

"Una mchumba?" Masunga akauliza kutoka chini.

"Angalia sindano."

"Naiangalia. Una mchumba?"

"Ukiingiza upepo kwa maswali yako, tunaanza upya."

"Tuanze tu. Mimi sina haraka."

Ndani, mama yake Yunis aligonga sufuria kwa mwiko, kuwakumbusha kwamba anasikia.

Saa nne ilipita, ikapita saa tano. Vipovu vikaisha. Yunis akabana chuchu, akafunika kikopo, akafuta kila kitu kwa spiriti, akarudisha pedi na gurudumu. Halafu akamwambia Masunga akamate breki. Mkono ulienda kidogo, ukagota, mgumu kama jiwe. Masunga akaukamata tena, na tena, akicheka peke yake kama mtu aliyeokota kitu. Kisha wakafanya na ya nyuma.

"Sasa nisikilize," Yunis akasema wakinywa chai na mihogo. "Neno la kwanza: usiipindue. Najua kila mtu akipata pancha anaisimamisha kwa usukani na kiti, miguu juu. Hii usifanye hivyo. Ndani ya kikopo hubaki upepo kidogo, ukiipindua unaingia mrijani. Ikitokea umesahau, iinue, bonyeza breki mara thelathini. Ikikataa, niletee mimi."

"La pili?"

"La pili ni sheria ya baba. Fundi hafungui kazi ya fundi mwenzake, mwenyewe hayupo. Kazi yangu asiifungue mtu."

"Na kama nataka kukuona breki zikiwa nzima?"

Yunis akatazama kikombe chake. "Domina ana simu ya mkononi. Anapigia na kupokelea watu. Chukua namba."

*

Mnara wa simu ulikuwa umewaka Kilosa si muda mrefu, na simu ya Domina ilishinda juu ya cherehani imefunikwa leso kama mtoto. Jioni saa kumi na moja ikilia, hakuna aliyeuliza ni nani.

"Fundi, Mikumi hiyo," Domina huita.

"Haloo."

"Fundi wangu."

"Sema, baba."

"Leo nimeona tembo kumi na wanne na sikumkumbuka hata mmoja. Nimekukumbuka wewe."

"Kwa hiyo mimi na tembo tuko fungu moja?"

"Mpenzi, wewe huyo tembo anakupisha."

"Mwambie breki zinasemaje," Domina akanong'ona huku akishona.

"Domina anauliza breki zinasemaje."

"Mwambie Domina breki zinashika. Kisichoshika ni moyo."

Domina akaacha kushona kabisa.

Kila baada ya Jumamosi mbili Masunga alikuja, kutwa nzima ya njia ya kokoto, kwa kupitia Zombo na Ulaya. Alikaa kwenye ndoo iliyopinduliwa karibu na Yunis, akimshikia fremu. Mafundi walimzoea. Mwezi wa nane akasema anataka kuleta wazee wake, na hapo ndipo mambo yalipopata uzito.

Kwa Wasagara, kabila la kina Yunis, neno la mjomba ndilo neno, na mjomba wa Yunis, mzee Onesphory wa Mvumi, alikataa kabla ya kukaa vizuri kitini. "Msukuma? Mahindi yangu yameliwa na ng'ombe misimu mitatu, nikampe na mtoto?"

"Mjomba, yeye hana hata ng'ombe. Anaongoza watalii."

"Wa baba zake je?"

Mama yake Masunga, mama Paulina, naye alikuwa na lake. Aliishi pale Mikumi, mjane, mama mnyamavu, na alimwambia mwanawe kwamba msichana amemsikia na hana ubaya naye, isipokuwa mkwe wake hatakaa barabarani na gurudumu kati ya magoti. Akiolewa, spana ataziacha Kilosa.

Masunga alimpasha Yunis habari hizo kwa simu, akizizungusha kwa maneno matamu. Yunis alizisikiliza mpaka mwisho.

"Na wewe ulimjibu nini?"

"Nilimwambia tutaona."

"Tutaona si jibu, Masunga. Mimi nimetoka darasa la saba, sina cheti, sina shamba. Nina mikono hii na jina langu pale chini ya bati. Mtu akisema kazi ya Yunis, watu wanajua imekazwa. Anayenitaka mimi ananitaka na spana zangu. Asiyezitaka, mjini wasichana wamejaa."

"Usikasirike, mpenzi."

"Sijakasirika. Nimekwambia ili usije ukasema hukuambiwa."

*

Kilichofuata ni kosa la mazoea. Mwanzoni mwa mwezi wa tisa Masunga alipata pancha karibu na kambi, watalii wawili wakimsubiri juani. Bila kufikiri aliipindua baiskeli, miguu juu, kama alivyofanya tangu utoto, kama wanavyofanya watu wote kutoka Kilosa mpaka Shinyanga. Akaziba, akaiinua, akakamata breki ya mbele. Ililegea. Akabonyeza mara tatu nne, hakufika thelathini, kwa sababu watalii walikuwa wanatazama.

Jioni wenzake walimwona akiibonyeza. "Si tulikwambia? Breki ya kufungwa na mwanamke," wakasema. "Anza kubana na miguu." Wakacheka siku nzima ya pili pia. Siku ya tatu, badala ya kuipeleka Kilosa, Masunga akaipeleka kwa Oswald, rafiki yake, fundi wa magari ya kupita barabara kuu. Oswald ni fundi mzuri wa magari. Alifungua kikopo, akaona mafuta yamepungua, akajaza yale anayoyajua: mafuta ya breki ya gari, yenye rangi ya asali.

Kumbe breki ile haitaki hayo. Mafuta ya gari yakizikuta raba zake za ndani, raba zinavimba. Siku mbili breki ilikuwa ngumu, safi, Masunga akamsifu Oswald. Siku ya tatu, kwenye mteremko wa nyuma ya kambi, jua kali, aligusa breki kidogo na gurudumu la mbele likakwama moja kwa moja, likakataa kuachia. Baiskeli ikampindua. Alivunjika mtulinga, na mtalii aliyemfuata aliokolewa na kichaka. Meneja akamwambia akae nyumbani.

Mama Paulina hakuuliza mengi. "Yule msichana amekaribia kuniulia mtoto," alisema, na neno hilo likapanda basi likafika Kilosa kabla ya juma kwisha. Na Masunga, mkono umefungwa shingoni, aliisikia kauli ya mama yake na akanyamaza. Angesema nini? Kwamba aliambiwa mambo mawili na akavunja yote mawili? Kila siku aliyonyamaza iliifanya siku ya pili yake kuwa nzito zaidi.

Chini ya bati wateja wa Yunis walipungua. Mwanamke mmoja alifika na baiskeli ya mumewe, akasita, akaipitisha kwa mzee Timotheo. "Mama, huyu ni fundi," Timotheo akamwambia. "Najua," mama akajibu, "lakini mume wangu amekataza."

Yunis alikwenda kwa Domina, akapiga.

"Haloo, Masunga."

"Yunis."

"Pole. Mtulinga unaendeleaje?"

"Unaunga, polepole."

"Mungu ni mwema. Nikuulize kitu. Uliifungua?"

Kwa mbali lilisikika lori likibadilisha gia.

"Masunga, uliifungua?"

"Mama ananiita. Nitakupigia."

Hakupiga. Domina aliiacha simu bila leso siku tatu, na siku tatu haikulia.

"Muache," Domina akasema. "Mwanaume asiye na jibu si mwanaume wa kungojea."

"Simngojei. Watu wanasema kazi yangu inaua. Nitaifuata kazi yangu."

*

Alhamisi Yunis alipanda basi la Mikumi na sanduku la spana mapajani. Alivaa gauni la kijani, akajitanda khanga, na koti la bluu akalikunja vizuri ndani ya mfuko. Nyumba ya mama Paulina haikuwa ngumu kuipata: matofali ya kuchoma, ua wa minyaa, na uani michembe, vipande vya viazi vitamu, imeanikwa juu ya mkeka. Majirani watatu walikuwa hapo wakichambua mchele. Baiskeli ilikuwa imeegemezwa ukutani, gurudumu la mbele limekakamaa.

"Hodi."

"Karibu."

Yunis akapiga magoti kidogo. "Shikamoo, mama."

Mama Paulina aliendelea kugeuza michembe. "Marahaba. Nani mwenzetu?"

"Yunis, mama. Fundi wa Kilosa."

Mikono kwenye nyungo ikasimama. "Umekuja kumwona mgonjwa?"

"Nimekuja kuiona baiskeli, mama. Mgonjwa ana mama yake. Nitaomba mabakuli mawili meupe na kigoda."

Mama Paulina akamtazama kuanzia kichwani hadi viatuni, akaingia ndani, na kwa sababu ambayo hata yeye hakuijua, akatoka na mabakuli mawili. Yunis akavaa koti. Akafungua sanduku. Alianza na breki ya nyuma: akachomeka mpira, akalegeza chuchu, akabonyeza, na mafuta yakatiririka kwenye bakuli la kwanza. Mekundu.

"Hayo ndiyo mafuta yangu," alisema, akalisogeza bakuli mahali ambapo majirani wataona bila kunyanyuka. "Sasa ya mbele, iliyomwangusha."

Mlango wa ndani ukafunguliwa. Masunga alisimama kizingitini, amekonda, shati limefungwa vifungo kombo kwa mkono mmoja.

"Usiifungue," alisema.

"Kwa nini?"

"Kwa sababu si kazi yako iliyomo." Akamgeukia mama yake. "Mayu, mimi ndiye niliyeipindua, na alinikataza. Mimi ndiye niliyeipeleka kwa Oswald, na alinikataza. Walinicheka kazini nikaona aibu. Oswald akatia mafuta ya gari. Huyu hana kosa. Nilikuacha unamsema wiki tatu nzima, na mimi nimelala humo ndani nasikia."

Mama Paulina alimjibu kwa Kisukuma, maneno mengi, sauti haikupanda hata kidogo, na kadiri alivyosema ndivyo Masunga alivyozidi kuinamisha kichwa. Majirani wakarudi kwenye mchele, macho chini, masikio juu.

Yunis alikuwa ameshaishika spana.

"Nimekwambia hakuna haja," Masunga akasema.

"Sikuja kusikia. Nimekuja kutengeneza." Akalegeza chuchu ya mbele. Kwenye bakuli la pili yakashuka mafuta ya rangi ya asali, yenye harufu ya gereji. Aliyatazama kidogo tu. Akafungua yote, akaosha kwa spiriti, akatoa raba za ndani akazilaza kwenye kiganja: zimevimba, laini, hazirudi mahali pake. "Ya nyuma itashika leo. Ya mbele imekufa, sitakudanganya. Mpaka zipatikane raba mpya, na hizo nitaandika kwa huyo Mholanzi wako. Nitachora picha."

"Yunis."

"Shika mrija, kama una mkono."

Alimaliza jua likiwa upande wa pili wa ua. Alipokuwa anaosha mikono kwa sabuni ya unga, mama Paulina alikuja akasimama karibu naye.

"Ukiolewa, utaendelea na haya?"

"Nitaendelea, mama."

"Mimi bado sijakubali."

"Sikuja kukubaliwa, mama. Kwa heshima zote. Nimekuja kusafisha jina langu."

"Unajibu sana."

"Ndiyo, mama."

Mama Paulina akatazama yale mabakuli mawili. "Na mimi nilikuwa hivyohivyo, kwetu," alisema. "Walinisema mpaka nikanyamaza. Nimenyamaza miaka mingi, na sijaona faida yake. Kaa ule." Akamletea michembe iliyochemshwa kwa karanga na maziwa mgando kwenye kibuyu.

Masunga alimsindikiza mpaka kituoni, akivuta miguu.

"Nisamehe, mpenzi."

"Nilikusamehe ulipokuwa mlangoni. Lakini Kilosa hawakuwa mlangoni."

"Nifanye nini? Nipige simu kwa Domina?"

"Domina anajua. Uliniangusha mbele ya soko, Masunga. Uniinue mbele ya soko." Basi likaja, akapanda, hakugeuka nyuma.

*

Jumamosi ya juma lile lile, saa nne, soko limejaa hadi kwenye reli, Masunga alishuka kwenye lori la mkaa. Mkono umefungwa shingoni, shati jeupe. Pale chini ya bati walikuwepo mafundi wote, na siku hiyo alikuwepo pia mzee Onesphory, aliyeleta baiskeli yake ya kubebea mahindi. Mtu akasema kwa sauti, "Huyo hapo, marehemu wa breki."

Masunga aliichukua ile ndoo aliyozoea kuikalia, akasimama juu yake. Aliwaamkia wazee. Kisha akasema, bila haraka, kama anavyowaeleza watalii njia:

"Naitwa Masunga, wa Mikumi. Mmesikia kwamba breki iliyofungwa na Yunis iliniangusha. Si kweli. Yeye aliifunga ikashika miezi mitatu. Aliniambia nisiipindue, nikaipindua. Aliniambia asiifungue mtu, nikampa mtu akafungua. Halafu nikanyamaza mpaka mkaacha kumletea kazi. Breki ilikuwa yake. Kosa ni langu."

Wengine walicheka, maana si kila siku mtu mzima anasimama juu ya ndoo kujishitaki. Muuza redio akazima redio. Masunga aliwaacha wacheke, hakushuka. Mzee Timotheo akapiga makofi mara mbili, makavu, akaendelea kunyoosha spoku.

Mzee Onesphory hakucheka. Alikuja taratibu mpaka kwenye ndoo.

"Shuka, kijana."

Masunga akashuka. "Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Unanijua?"

"Ndiyo, mzee. Mjomba."

"Bado sijawa mjomba wako. Misimu mitatu nimewafuata wenye ng'ombe nikiwa na bua la mahindi mkononi, nauliza, ng'ombe hawa ni wa nani. Kundi zima limesimama mbele yangu, hakuna mwenyewe. Kila mtu wa jirani. Leo ndiyo mara ya kwanza namsikia mmoja wenu anasema, ni langu." Akajikuna kidevu. "Haijanirudishia mahindi."

"Najua, mzee."

"Mlete mama yako. Na mtu wenu mmoja anayejua kuongea. Mimi nitasikiliza, kukubali ni siku nyingine."

Yunis muda wote huo alikuwa ameinama kwenye gurudumu la mjomba wake, anakaza nati ambayo ilikuwa imeshakazwa. Masunga akachuchumaa mbele yake.

"Yunis. Mbele ya mjomba, na mbele ya Domina ambaye ameacha kushona. Utanikubali?"

Yunis akainua macho. Yalikuwa na maji, na hakuyafuta, mikono yake ilikuwa na grisi.

"Mwambie mama yako nitakuja na masanduku mawili," alisema. "Moja la nguo, moja la spana. Na aandae mtu wa kunipokea, maana lile la spana ndilo zito."